Usikodishe Macho Yako, Mjukuu Wangu

Wajukuu zangu, leo nataka mnisikilize mpaka mwisho. Wekeni hizo simu chini kidogo. Neno lenyewe linazihusu, na linawahusu ninyi mnaozishika.

Kuna kazi imeingia mitaani na inawapenda vijana. Haina ofisi, haina sare, haitaki cheti. Kazi yenyewe ni kumtazama mtu. Unaambiwa: kaa karibu na fulani, unijulishe anazungumza na nani. Ingia kwenye kundi lao la WhatsApp, uwe unanitumia skrinshoti. Wewe ni shoga wa mke wangu, niambie anapita wapi akitoka sokoni. Malipo ni vocha, ni nauli, ni ahadi ya kupandishwa cheo. Mara nyingine malipo ni kule kusikia tu kwamba mkubwa anakuamini kuliko wenzako.

Nakuomba, mjukuu wangu, kazi hiyo usiishike. Nimeishi miaka mingi, nimewaona walioishika, na nimeona njia hiyo inakoishia.

Wa zamani kabisa ninayemjua aliyeifanya ni jitu moja la Ugiriki ya kale, jina lake Argus. Waingereza mpaka leo wakimwona mtu ambaye hapitwi na kitu humwita Argus, na wanapomwita hivyo huwa wanamsifu. Mimi kila nikisikia sifa hiyo huikumbuka hatima ya mwenye jina, na moyo unanishuka.

Argus alikuwa na macho mwili mzima. Wako wasimulizi waliomhesabia manne tu. Ovid, mshairi wa Roma aliyekieleza kisa hiki kwa urefu takriban miaka 2,000 iliyopita, alimpa macho mia. Yalilala mawili mawili kwa zamu, yaliyobaki yakikesha. Popote aliposimama, hata akikupa kisogo, alikuwa anakuona.

Wala msidhani alianza kwa ubaya. Kabla ya kisa chenyewe alimuua fahali aliyekuwa akiiharibu nchi ya Arkadia, akavaa ngozi yake. Alimuua mwizi aliyekuwa akiwapora watu mifugo. Alimmaliza Echidna, nusu mwanamke nusu nyoka, aliyekuwa akiwanyakua wapita njia. Kijiji gani kisingependa kuwa na kijana kama huyo?

Nayasema haya mapema kwa sababu maalumu. Wanaotafuta macho ya kukodi hawaendi kwa mvivu wala kwa mlevi. Wanamtafuta kijana mwerevu, shupavu, anayeaminiwa na wenzake. Wanakutafuta wewe.

Sasa sikilizeni alivyoingizwa kazini.

Zeus, mkuu wa miungu yao, alimtamani binti aliyeitwa Io. Baba yake alikuwa Inachus, mto wa nchi ya Argos, maana Wagiriki wa kale waliipa mito yao uungu na uzazi. Binti alikimbia. Zeus akashusha wingu zito mchana kweupe ili asionekane, akamkamata, akamtenza nguvu. Hera, mke wa Zeus, akalishuku lile wingu, akashuka kulitazama. Zeus alipoona anakaribia kufumaniwa, akamgeuza binti wa watu mtamba mweupe. Hera naye hakuwa mtoto. Akamsifu yule mtamba, kisha akamwomba mumewe ampe awe zawadi yake. Angenyimwa, siri ingefichuka. Akapewa.

Watazameni waliosimama pale. Yupo mume mwenye nguvu, aliyetenda. Yupo mke mwenye nguvu, aliyekasirika. Na yupo binti asiye na kosa, ambaye sasa ana pembe na mkia. Hera hakuwa na la kumfanya Zeus, hasira yake ikamwangukia aliye chini. Akataka mtu wa kumchunga yule mtamba usiku na mchana, Zeus asipate mwanya wa kumrudisha. Akamwita Argus.

Hapo, wajukuu zangu, naomba mtulie. Argus alikuwa na macho mia, na halikuwamo hata moja lililogeuka kumtazama Zeus. Halikuwamo hata moja lililouliza mwenye kosa hapa ni nani. Yote mia yalimkodolea aliyedhulumiwa.

Mimi husema: jicho la kukodi halichagui pa kutazama.

Ndivyo ilivyo hata leo. Anayekutuma umtazame mwenzio huwa ana hasira na mtu asiyemuweza. Bosi ana hasira na mwenye kampuni, anakutuma umchunguze mfagizi. Mgombea ana hasira na chama chake, anakutuma ukawarekodi vijana wa kijiweni. Mume ana hasira na deni, na kazi, na nafsi yake, anamtuma shemeji ampekue mkewe. Ugomvi uko juu. Wewe unapewa kamba ya kumfunga aliye chini.

Na Argus aliifunga hiyo kamba vizuri. Mchana alimwachia Io ale, jua likitua alimfungia na kumtia kitanzi shingoni. Binti wa mto alikula majani ya miti na nyasi chungu, akanywa maji ya tope, akalala chini kwenye udongo. Alitaka kumwinulia Argus mikono amsihi, mikono hana. Alitaka kulia; mlio wa ng'ombe ukamtoka kinywani, akaiogopa sauti yake mwenyewe.

Siku moja malisho yakawafikisha kwenye ukingo wa mto wa baba yake, mahali alipokuwa akicheza utotoni. Akainama anywe, akajiona majini ana pembe, akaruka nyuma kwa hofu. Dada zake walikuwapo, hawakumtambua. Baba yake alikuwapo, hakumtambua. Mzee alichuma majani akampa, naye akamlamba kiganja, machozi yanamtoka. Hana ulimi wa kusema mimi ni nani. Basi akainua ukwato, akachora jina lake mchangani, herufi mbili tu. Mzee akasoma. Akaning'inia kwenye zile pembe, akalia kilio cha mzazi aliyemtafuta mwanawe kila mahali akamkuta katika hali ambayo ni heri asingemkuta.

Argus alikuwa amesimama palepale. Machozi yale aliyaona kuliko mtu yeyote angeweza kuyaona, maana nani mwingine alikuwa na macho mia ya kuyaonea? Akafanya nini? Akamtenga binti na baba yake, akamswaga mbele, akampeleka malisho mengine. Kisha akapanda kilele cha mlima, akaketi mahali pa kuona pande zote.

Hatua hiyo naiogopa kuliko zote, na ninaisema kwa uchungu. Mtu huingia kazi hii akijiambia, mimi natazama tu, simdhuru mtu. Siku zinakwenda. Halafu inafika asubuhi amesimama mbele ya mwenzake anayelia, anamwona vizuri, na haoni uchungu wowote. Anachowaza ni namna atakavyoliandika. Jicho likitazama sana kwa niaba ya mwingine, moyo hulihama.

Nimemwona kijana wa namna hiyo. Sitamtaja wala sitataja alikofanya kazi, ana wazazi na wanasoma. Aliwekwa na mkuu wake apeleke maneno ya wenzake. Wakati wa chai mama mmoja, mwenye watoto wa shule, akalalamika kwamba mshahara umechelewa. Neno lilifika juu kabla chai haijapoa. Mama akatolewa kazini. Nilimuuliza yule kijana usiku wake, je, hukumwonea huruma? Akanijibu: "Mzee, mimi nilipeleka alichosema, sikuongeza." Na kweli hakuongeza. Hilo ndilo lililonitisha.

Mjukuu wangu, usifike hapo. Nakusihi.

Na tazama mahali Argus alipoketi. Kilele cha mlima, peke yake. Mtu anayewatazama wote hana wa kukaa naye. Ukianza kupeleka habari za watu, utagundua huwezi tena kukaa barazani ukacheka kicheko cha kawaida, kwa sababu kila neno linalotamkwa unalipima kama lina bei. Nao watakujua. Mtaani hapafichiki kitu. Utaingia, maneno yatakatika. Utakaribishwa chai kwa adabu kubwa mno, na adabu kubwa mno kwa mtu mliyekua pamoja ni mlango uliofungwa. Atakaye kuona ya wote hukosa wa kumwona yeye.

Upweke huo ndio uliomuua Argus. Sikilizeni ulivyomuua.

Zeus aliona mateso ya Io yamezidi, akamtuma mwanawe Hermes akamuue mlinzi. Hermes hakwenda na jeshi. Alivua kofia na mbawa zake, akabaki na fimbo yake ya kulaza watu usingizi, akajifanya mchungaji wa mbuzi anayepita akipiga filimbi ya matete. Argus alipousikia muziki ule, ni yeye mwenyewe aliyemwita. Njoo uketi nami kwenye jiwe hili, alimwambia, hakuna mahali penye majani mazuri kwa mifugo na kivuli kizuri kwa mchungaji kama hapa. Macho mia, na hakuna lililomtambua muuaji! Mtu aliyekaa miezi bila wa kuzungumza naye, sauti ya kwanza yenye upole huikaribisha ndani.

Hermes akaketi. Akapiga filimbi, akapiga soga, siku ikapita. Macho mengine yakaanza kusinzia, mengine yakajikaza. Argus akauliza filimbi hii ilianzaje. Hermes akamsimulia habari za binti aitwaye Syrinx, aliyefukuzwa na mungu Pan mpaka ukingoni mwa mto, akawaomba dada zake wa majini wamgeuze, akawa matete. Na kutoka kwenye matete yale Pan akaunga filimbi.

Mmeisikia habari hiyo? Binti anafukuzwa na mungu, anageuzwa kitu kisicho mtu. Ni habari ya Io ileile! Argus alisimuliwa masikioni mwake dhuluma aliyokuwa ameifunga kamba kwa mkono wake, naye akaisikia kama wimbo wa kulalia. Kabla haijafika mwisho, macho yote mia yalikuwa yamefumba.

Hermes akanyamaza. Akayapitishia fimbo macho yale usingizi uzidi. Kisha akachomoa upanga uliopinda, akamkata pale shingo inapokutana na kichwa. Wengine husimulia kwamba alimuua kwa jiwe. Kwa jiwe au kwa upanga, mlinzi alikufa, na Hermes akapata lakabu ya muuaji wa Argus, sifa ambayo washairi wa Kigiriki waliirudia kwa karne nyingi.

Na yule bibi aliyemtuma? Hera alikuja akamkuta mtumishi wake amelala kwenye damu. Ovid hasemi kwamba alimzika. Anasema aliyachukua macho, akayapachika kwenye manyoya ya ndege wake, tausi. Ukienda kuwaona tausi wale wa Ikulu ya Dar es Salaam, dume akiutandaza mkia, yale mabaka ya buluu na dhahabu ndiyo Wagiriki na Warumi waliyosema ni macho ya Argus. Hayaoni kitu. Yanapamba ua wa mkubwa.

Wala kazi haikusimama kwa msiba. Hera alimtumia Io adhabu nyingine mara moja. Wagiriki husema ni pange, yule nzi mkubwa anayeuma ng'ombe, akamkimbiza nchi hadi nchi mpaka Misri. Macho mia ya Argus, usiku wote aliokesha, nafasi yake ikajazwa na mdudu.

Mjukuu wangu, soma hapo mara mbili. Anayekutuma leo anakwambia bila wewe mambo hayaendi. Ukianguka, kesho yake atapata mwingine, na huenda wa bei rahisi zaidi. Aliyekupa jicho la kumtazama mwenzio hatakupa sanda.

Mwishoni mwa miaka ya 1650 mchoraji Velázquez wa Hispania alikichora kisa hiki, na mchoro uko Madrid, kwenye jumba la Prado. Hakuchora jitu lenye macho mia. Alichora mtu wa kawaida, kichwa kimemwinamia kifuani kwa usingizi, na Hermes ananyemelea kando yake. Nadhani Velázquez alielewa. Ukiwaona watu hawa kwa karibu, ndivyo walivyo: vijana waliochoka, waliotumwa na wengine.

Sasa mtaniambia, babu, hizo ni hadithi za kale. Haya, nije karibu.

Ujerumani Mashariki ilikuwa na idara ya usalama iliyoitwa Stasi. Mwaka 1989, dola ile ilipokuwa inaanguka, idara hiyo ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000. Juu ya hao walikuwapo watoa habari wa siri zaidi ya 170,000: majirani, walimu, madaktari, marafiki wa kanisani, katika nchi ya watu kama milioni 16. Wengi wao wangekwambia hawakumdhuru mtu. Walitazama tu, wakaandika.

Januari 1990 wananchi wakaingia makao makuu ya Stasi mjini Berlin. Na kuanzia Januari 1992 sheria ikamruhusu kila mtu kwenda kusoma faili lake mwenyewe. Fikirini hilo, wanangu. Mtu anaketi mezani, anafunguliwa karatasi, anasoma nani alikuwa akimsema. Vera Wollenberger, mwanasiasa aliyeupinga utawala ule na baadaye akawa mbunge, alikuta kwamba mtu aliyekuwa akimpeleleza ni mumewe wa ndoa, baba wa watoto wake. Ndoa ikavunjika. Yule mume alikuwa na jina la siri kwenye karatasi, na jina la siri halikumsaidia kitu siku ile.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Ujerumani Mashariki ilikuwa rafiki wa karibu wa Zanzibar. Ilijenga nyumba za ghorofa Kikwajuni, na pamoja na mafundi walikuja washauri wa usalama. Wazee wa rika langu wanaikumbuka miaka watu walipozoea kunong'ona hata ndani ya nyumba zao, na jinsi mtu alivyoitwa shushushu kwa kuonyeshwa kidole gumba tu chini ya meza. Utawala ulibadilika, kidole hakikusahau. Wapo waliozeeka nacho.

Karatasi hutunzwa, mjukuu wangu. Na simu hutunza kuliko karatasi. Kila skrinshoti uliyotuma iko mahali fulani, na ina jina lako juu yake. Siku wakubwa wakipatana, maana wakubwa hupatana, mmoja atamwonyesha mwenzake alivyokuwa akimjua, na utakayeonyeshwa ni wewe.

Tena sheria nazo zipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya ina sheria ya kulinda data ya 2019. Ukiingia kwenye simu ya mtu bila idhini yake, ukimtegea programu ya kusoma ujumbe wake, ukisambaza siri zake, atakayetafutwa ni mwenye kidole kilichobonyeza. Aliyekutuma atasema hakujui.

Nije karibu zaidi, ndani ya nyumba. Vijana wenzenu wamejifanya Argus wa wachumba wao. Mnapekuana simu mmoja akisinzia. Mnadaiana nywila kana kwamba ni mahari. Mnafuatiliana lokesheni: mbona umesimama hapo dakika kumi? Mnasema ni mapenzi. Hapana, wanangu. Mimi na bibi yenu tumekaa miaka mingi, na simjui kila anachozungumza na mashoga zake, wala sitaki kujua. Ndoa ya kulindwa kwa kamba imekwisha siku kamba ilipofungwa.

Atakayepekua atapata. Hakuna simu isiyo na neno la kumchoma mwenye wivu. Utakuta ujumbe wa binamu, utausoma kwa jicho lililokwisha kuhukumu, utalala macho. Kesho utapekua tena. Nimewaona mabinti waliokonda kwa kazi hiyo, na nimewaona wanaume waliopiga watu kwa sababu ya ujumbe ambao hawakuuelewa.

Dini yetu ya Kiislamu imeukataza upekuzi huu wazi. Someni Surat al-Hujurat. Na imesimuliwa habari ya Sayyidna Umar, khalifa, mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumtania. Usiku mmoja akizunguka Madina alisikia sauti ya mtu nyumbani kwake, akaishuku, akakwea ukuta. Akamkuta mtu na mwanamke na ulevi. Akamkaripia. Yule mtu akamjibu kwa utulivu: mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu, umepeleleza na Mungu amekataza, umeingia kwa ukuta na tumeamriwa tuingie kwa mlango, umeingia bila salamu wala ruhusa. Umar, pamoja na ukali wake wote, akakubali. Akamtaka atubu, akatoka.

Khalifa alitoka, wajukuu zangu. Ninyi mnaobaki ndani ya simu za watu, mna mamlaka gani kumzidi Umar?

Lakini msije mkatoka hapa mkisema babu amekataza kutazama. La. Mtoto akicheza karibu na kisima, mtazame. Mgeni akizunguka nyumba ya mjane usiku, mtazame, na upige kelele. Mjumbe wa nyumba kumi anayejua nani ni mgonjwa na nani hajala, huyo anawatazama watu kwa heri yao, na wao wanajua kwamba anawatazama. Hajifichi mlimani.

Na ukiwa una macho makali kweli, ukajaliwa kuona ambacho wenzako hawaoni, yageuze juu. Mtazame anayeshika fedha za wote. Tazama zahanati ilivyojengwa na ilivyoandikwa kwamba imejengwa. Yako magazeti yaliyojipa jina la Argus. Lile la Cape Town lilianzishwa mwaka 1857. Gazeti likiwachunguza wenye nguvu na kuandika hadharani, kwa jina lake, limemfanyia Argus jambo ambalo yeye hakujifanyia: limeyageuza macho yake kumwelekea Zeus. Gazeti likiwachungulia wanyonge kitandani, limerudi kuchunga mtamba.

Kwa hiyo siku wakikujia, na watakuja, usikasirike wala usijifanye shujaa. Uliza maswali kwa adabu. Huyu mtu amekosa nini? Kama amekosa, mbona humwiti mkazungumza? Nitakachokiona nikikuletea, nitakiandika kwa jina langu, na yeye atakisoma? Wengi watakuacha hapohapo. Atakayebaki akikubembeleza kwa pesa zaidi, mshukuru, mwambie una kazi nyingine, hata kama huna. Njaa ya heshima huisha kwa bakuli moja la uji. Ya aibu haina bakuli. Njoo kwetu ule.

Na wewe ambaye umekwisha kuingia, ninayekujua na nisiyekujua, usikate tamaa ukasema mimi nimeshaharibika. Toka leo. Toka kwenye hilo kundi ulilopachikwa. Futa picha za watu zilizomo kwenye simu yako, zisije zikaangukia mkono mwingine. Rudisha pesa ambayo hujaitumia. Kama uliyekuwa ukimtazama yuko hatarini kwa ulichopeleka, mwendee ana kwa ana umwambie, kabla hajakisikia kwa mwingine. Atakufokea, vumilia.

Na kama aliyekutuma atakutisha, atakwambia ana rekodi zako, usilibebe peke yako usiku kucha. Mwambie baba yako, mwambie na mimi, siku hiyohiyo. Tutavaa kanzu zetu, tutakwenda mchana, tutabisha hodi kwa mlango wa mbele, na tutazungumza naye watu wakisikia.